Mtoto akisajiliwa timu ya kata, mzazi uliza haya kwanza

Moshi. Katika vijiji vya Uru, kwenye mteremko wa Mlima Kilimanjaro juu ya mji wa Moshi, kijana anayejua mpira hachelewi kuonekana. Akicheza vizuri kwenye UMISSETA, au akifunga mabao mawili matatu kwenye kombe la diwani, haipiti muda kocha wa timu ya kata anafika nyumbani kuomba ruhusa. Wazazi wengi humuuliza mambo mawili: shule itakuwaje, na nauli atalipa nani.

Ni maswali ya msingi. Lakini lipo la tatu ambalo mara nyingi huulizwa baada ya tatizo kutokea: kijana akiumia, nani atamhudumia pale uwanjani, na atafikaje hospitali?

Swali hilo lina uzito zaidi katika ligi za chini kuliko ligi tunazoziona kwenye televisheni. Huko juu timu ina daktari, mtaalamu wa viungo na gari la wagonjwa nje ya uwanja. Huku chini timu ina kocha anayejitolea, mipira miwili na ndoo ya maji. Na huku chini ndiko watoto wetu wengi wanakocheza.

Ngazi zenyewe zikoje

Kwa mzazi asiyefuatilia soka, ngazi ziko hivi. Mtoto wa Uru anaanzia mechi za mchangani, mashindano ya shule na makombe ya viongozi ambayo zawadi yake yaweza kuwa mbuzi, jezi au mpira. Juu yake kuna ligi ya wilaya, inayojulikana kama daraja la nne. Wanaofanya vizuri hupanda ligi ya mkoa, daraja la tatu, ambako timu za Moshi hukutana na za Hai, Siha, Rombo, Mwanga na Same. Bingwa wa mkoa huenda kupambana na mabingwa wa mikoa mingine kutafuta nafasi ya First League, iliyokuwa ikiitwa Ligi Daraja la Pili. Juu yake ipo Championship, kisha Ligi Kuu Bara.

Ngazi hizo zinapandika. Kitayosce ilianzia Kilimanjaro kabla ya kuhamia Tabora, ikapanda Ligi Kuu mwaka 2023 na ikabadili jina kuwa Tabora United. Msimu huohuo Polisi Tanzania, iliyokuwa ikiutumia Uwanja wa Ushirika mjini Moshi, ilishuka daraja. Kwa hiyo kijana anayesema anataka kufika mbali hadanganyi, na mzazi hana sababu ya kumcheka.

Ila safari hiyo huanzia kwenye viwanja vya chini. Uru ni nchi ya mteremko, ya migomba na kahawa, na kila kipande cha ardhi ni kihamba cha mtu. Sehemu tambarare ni chache, na nyingi ni za shule au za parokia. Uwanja unaweza kuwa na jiwe lililochomoza kwenye eneo la hatari, kisiki cha mti karibu na kibendera cha kona, au mfereji wa maji mita chache kutoka mstari wa pembeni. Masika ikifika, nyasi na tope huteleza. Mengi ya haya yanarekebishika kwa jembe na nusu saa ya kazi kabla ya mechi, kama kuna mtu aliyepewa jukumu hilo.

Kijana wa miaka 15 dhidi ya mtu mzima

Jambo ambalo wazazi wengi hawalifahamu ni kwamba ligi ya wilaya si ligi ya vijana. Kijana wa kidato cha pili anaweza kupangwa kumkaba mwanaume wa miaka 28 anayebeba mifuko ya saruji siku sita za wiki.

Mifupa ya kijana anayekua ina sehemu laini karibu na viungo, na hapo ndipo mfupa unaporefukia. Sehemu hizo ni dhaifu kuliko mfupa wenyewe. Goli kali au kukanyagwa vibaya kunaweza kuziumiza, na zikiumia bila kutibiwa mguu unaweza kukua kwa kupinda au kuwa mfupi kuliko mwenzake. Maumivu yanayoanza polepole chini ya kilemba cha goti, hasa kwa kijana anayerefuka haraka, nayo yasipuuzwe kwa kuambiwa ni ya kukua tu. Mara nyingi ni dalili kwamba goti linafanyishwa kazi kupita uwezo wake na linahitaji kupunguziwa mazoezi.

Hatari huongezeka pale umri unapochezewa. Baadhi ya wazazi hushawishiwa kubadili cheti cha kuzaliwa ili kijana aendelee kucheza timu za umri mdogo. Tangu mwaka 2009 Shirikisho la Soka la Dunia, FIFA, hutumia kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono kukagua umri kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17, kwa hiyo udanganyifu huo unaweza kumfungia kijana njia huko mbele. Kwa upande wa afya, anayeumia zaidi ni yule mtoto wa kweli wa miaka 14 anayegongana na mtu wa miaka 19 aliyeandikwa 15.

Moyo uulizwe kabla ya fomu kusainiwa

Desemba 4, 2016, Ismail Khalfan, mchezaji wa timu ya vijana ya Mbao FC ya Mwanza, alianguka katika Uwanja wa Kaitaba mjini Bukoba kwenye mechi ya vijana dhidi ya Mwadui na kufariki dunia. Tukio hilo liliwakumbusha Watanzania kwamba mpira unaweza kuchukua uhai wa kijana aliyekuwa mzima dakika moja kabla.

Vifo vya ghafla uwanjani ni vichache, na mzazi hapaswi kumfungia mtoto ndani kwa kuviogopa. Ila kwa vijana wanaoanguka bila kugongwa, sababu kubwa huwa ni tatizo la moyo ambalo halikujulikana. Mengine ni ya kurithi. Mengine huku kwetu yanatokana na mafindofindo ya utotoni yasiyotibiwa vizuri, ambayo huweza kuleta homa ya baridi yabisi na kuharibu milango ya moyo. Mtoto anaweza kuishi miaka kadhaa na tatizo hilo bila mtu kujua.

Maswali manne ya nyumbani husaidia kujua nani apimwe kwanza. Je, amewahi kuzimia au kukaribia kuzimia akiwa anakimbia? Je, hupata maumivu ya kifua, au moyo kwenda mbio isivyo kawaida wakati wa mazoezi? Je, huishiwa pumzi haraka kuliko wenzake wa rika lake? Je, kuna ndugu wa damu aliyefariki ghafla kabla ya kufikisha miaka 50, hata kama ilisemekana ni kurogwa?

Hilo la mwisho linahitaji ukweli wa familia, na wanaolijua ni bibi na babu kuliko wazazi. Jibu likiwa ndiyo kwa lolote kati ya hayo manne, kijana asicheze hadi daktari amsikilize moyo na kuamua kama anahitaji kipimo cha umeme wa moyo au picha ya moyo. Familia za Uru zina bahati kwamba Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya KCMC iko kaskazini mwa mji, chini ya mteremko wao, na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mawenzi iko mjini.

Akianguka bila kuguswa

Machi 17, 2012, Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa aliyekuwa akiichezea Bolton ya Uingereza, alianguka katikati ya mechi na moyo wake ukasimama kwa dakika 78. Alipona. Juni 12, 2021, Christian Eriksen wa Denmark alianguka kwenye mashindano ya Ulaya, na miezi minane baadaye akarejea kucheza. Wote wawili waliokolewa na kitu kimoja cha mwanzo: watu waliokuwa karibu walianza kuukandamiza moyo papo hapo, kisha ikaletwa mashine ya kuushtua.

Mashine hiyo haipatikani kirahisi kwenye uwanja wa kijiji. Mikono ipo. Mchezaji akianguka bila kuguswa, akiitwa haitiki na hapumui kawaida, hesabu kwamba moyo umesimama. Asimwagiwe maji. Watu wasipoteze muda kumpanua meno wakitafuta ulimi. Akitikisika kidogo kama mwenye degedege, usidhani lazima ni kifafa, kwani moyo uliosimama nao huleta hali hiyo mwanzoni.

Mlaze chali mahali pagumu. Weka kiganja katikati ya kifua, kingine juu yake, nyoosha mikono, kandamiza chini sentimita tano hadi sita kisha achia kifua kirudi juu. Fanya hivyo mara 100 hadi 120 kwa dakika, yaani karibu mara mbili kila sekunde. Mtu akichoka apokelewe na mwingine, wakati mwenzao anatafuta gari. Msisimame hadi aanze kupumua au mhudumu wa afya apokee. Kila dakika inayopita bila msaada hupunguza nafasi ya kupona kwa karibu asilimia 10.

Somo hili hufundishika kwa mchana mmoja. Timu yenye wachezaji 20 wanaolijua ina watu 20 wa kuokoa maisha, kanisani, shuleni na nyumbani pia.

Aliyegongwa kichwa harudi uwanjani

Katika mechi za mchangani, kijana aliyegongana kichwa akainuka akiyumba humwagiwa maji, hupigiwa makofi kwa ushujaa wake na kurudishwa ndani. Hili ni kosa kubwa. Ubongo uliotikisika hauonekani kwa nje, na kijana akigongwa tena kabla haujapona, madhara yanaweza kuwa makubwa, hata kifo.

Dalili za kuangalia ni kuchanganyikiwa, kusahau matokeo, kizunguzungu, kichwa kuuma, kutapika, kuona ukungu na kutotaka mwanga. Hahitaji kuwa amezimia. Ikionekana hata moja, atoke na asirudi siku hiyo. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2023 kwa michezo isiyo ya kulipwa unasema asirudi kwenye mashindano kabla ya siku 21, na awe amekaa siku 14 bila dalili yoyote. Masomo yanatangulia: kama bado hawezi kukaa darasani bila kichwa kuuma, hawezi kucheza.

Usiku wa kwanza asilale peke yake. Akitapika tena na tena, akizidi kuumwa kichwa, akishindwa kuamshwa, akipata degedege au kutokwa maji au damu masikioni, apelekwe hospitali bila kusubiri asubuhi.

Na hapa pana suala la bodaboda. Kwenye barabara za Uru ndiyo usafiri wa haraka, hasa kwa kijiji cha juu kama Materuni. Lakini mchezaji anayelalamika maumivu ya shingo au mgongo, au ganzi miguuni, asikalishwe katikati ya watu wawili kwenye pikipiki. Mwache alale alipo, mtu mmoja ashike kichwa kisigeuke, litafutwe gari ambalo anaweza kulazwa akiwa amenyooka. Kusubiri gari nusu saa ni afadhali kuliko kijana kupooza kwa sababu ya haraka.

Kifundo kikivimba, usichue

Jeraha linalofika nyumbani mara nyingi zaidi ni kifundo cha mguu kilichoteguka. Kawaida yake katika familia nyingi ni maji ya moto, dawa ya kuchua na mtu mwenye mkono mzito. Siku mbili tatu za kwanza joto na kuchua huongeza damu kuvuja ndani na uvimbe kuzidi.

Kinachofaa ni kupumzisha mguu, kuuweka kitambaa kilicholowekwa maji ya baridi kwa dakika 15 hadi 20 kila baada ya saa mbili tatu, kuufunga bandeji isiyobana sana na kuuinua juu ya mto. Kama kijana hawezi kupiga hatua nne, au mfupa wenyewe unauma unapobonyezwa, apigwe picha ya eksirei kwanza. Mfupa uliovunjika ukikandwa kwa kudhaniwa ni mteguko unaweza kuungana vibaya, na hapo kijana hupoteza zaidi ya msimu mmoja.

Michubuko nayo ioshwe kwa maji safi na sabuni. Viwanja vingi hupitiwa na mifugo, na kidonda kichafu kinaweza kuleta pepopunda. Ulizeni kituo cha afya kama chanjo yake inahitaji kurudiwa.

Tahadhari nyingine ni vidonge vya maumivu vinavyomezwa kabla ya mechi ili mtu acheze akiwa ameumia. Maumivu ni taarifa. Ukiyazima, jeraha dogo linakuwa kubwa, na dawa hizo zikitumiwa mara kwa mara, hasa mwili ukiwa umepungukiwa maji, huweza kuumiza tumbo na figo.

Dakika 20 zisizo na gharama

Habari njema ni kwamba majeraha mengi yanazuilika bila fedha. FIFA ina mpango wa kupasha mwili uitwao 11+, unaochukua dakika 20 hivi: kukimbia polepole, mazoezi ya kiuno, mapaja na kusimama kwa mguu mmoja, kisha kuruka na kugeuka kwa kasi. Hauhitaji kifaa zaidi ya mpira.

Ulijaribiwa kwenye ligi ya vijana ya Lagos, Nigeria, kwa wachezaji 416 wa miaka 14 hadi 19 kutoka timu 20. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha majeraha yalipungua kwa asilimia 41 katika timu zilizoutumia. Ile ilikuwa ligi ya vijana ya Afrika, si chuo cha soka cha Ulaya. Timu ya Uru inaweza kufanya hivyo kuanzia mazoezi yajayo.

Mpango huo una faida zaidi kwa wasichana, ambao idadi yao inaongezeka tangu Ligi Kuu ya Wanawake ianzishwe mwaka 2016. Kano ya ndani ya goti hukatika kwa wasichana mara mbili au zaidi kuliko wavulana katika michezo ya aina moja, na mazoezi ya kutua na kugeuka vizuri huwalinda. Msichana anayechoka mno au anayepata hedhi nzito apimwe wingi wa damu, na asione aibu kumwambia kocha.

Chakula, maji na pombe ya ushindi

Uru haina shida ya chakula cha mchezaji. Ndizi za kupikwa na maharage, mtori, maziwa, mayai na mboga za majani vinatosha. Ale mlo kamili saa tatu kabla ya mechi, na ndizi mbivu au chungwa wakati wa mapumziko. Akishuka mjini Moshi, ambako jua ni kali kuliko nyumbani, anywe maji kabla hajasikia kiu. Vinywaji vya kuongeza nguvu vya madukani haviwafai vijana kabla ya mechi, kwani huusukuma moyo kwenda mbio.

Baada ya ushindi hufuata sherehe, na kwenye mashindano ya Desemba ndugu wanapokuwa wamerudi nyumbani kwa Krismasi, mbege haikosekani. Aliye chini ya miaka 18 asipewe, hata kama amefunga bao la ushindi. Na mtu mzima aliyegongwa kichwa au kuvimba mguu asinywe siku hiyo, kwa sababu pombe huficha dalili na kuchelewesha kupona. Akina baba wanaoingia uwanjani Desemba baada ya mwaka mzima wa kukaa ofisini nao wapime presha na sukari kwanza, na watoke mara wanapohisi kifua kubana.

Maswali ya kumuuliza kiongozi wa timu

Kabla ya kusaini fomu, mzazi aombe majibu ya mambo haya:

Kijana wangu atacheza na watu wa umri gani, na nani anaamua kama yuko tayari?

Sanduku la huduma ya kwanza lipo, na nani analishika siku ya mechi? Liwe na glovu, bandeji, pamba, mkasi, plasta, sabuni na maji safi.

Ni watu wangapi kwenye timu wanaojua kuukandamiza moyo?

Gari la dharura ni la nani, na namba yake anayo nani? Si lazima liwe la wagonjwa. Gari la jirani lililopangwa tangu asubuhi linatosha.

Nani ana mamlaka ya kumtoa mchezaji aliyegongwa kichwa, hata kama kocha hataki na wachezaji wa akiba wameisha?

Uwanja unakaguliwa na nani kabla ya kuanza?

Mzazi naye ana wajibu wake. Aandike namba yake ya simu kwenye daftari la timu, aeleze kama mtoto ana pumu, kifafa, selimundu au mzio wa dawa, na kadi ya bima kama ipo iwe mahali inapoweza kupatikana Jumamosi mchana. Wazazi wachache wakichangishana wanaweza kununua sanduku la huduma ya kwanza, na mhudumu wa zahanati ya kijiji akiombwa kwa heshima anaweza kuja kuwafundisha vijana.

Kiongozi wa timu asiyekuwa na majibu yote leo si mtu mbaya. Wengi wao hutoa nauli mfukoni mwao kwa ajili ya watoto wa wenzao. Mpe wiki mbili ayatafute, na msaidie kuyatafuta. Lakini akikasirika kwa kuulizwa, au akasema mpira ni wa wanaume na kuumia ni kawaida, irudishe fomu bila kusaini. Timu nyingine zipo, na kijana mwenye kipaji ataonekana tena msimu ujao akiwa na miguu yake yote miwili.